Matope Niliyolipaka Lori la Baba

Muuzaji aliniuliza mtoto ana miaka mingapi, nikamjibu bila kupepesa macho kwamba ana tisa. Sina mtoto wa miaka tisa. Sina mtoto kabisa. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja niliyesimama mbele ya rafu ya vigari vya plastiki vya kuunganisha, najichagulia cha kwangu, na kulisema hilo kwa sauti kulinishinda. Huo ndio ugonjwa wangu, bora niutaje mapema: mimi huona aibu kwanza, kufikiri huja baadaye.

"Dada, haya si ya watoto," muuzaji akasema. "Humu ndani kuna vipande mia tatu na ushee. Wa miaka tisa atavimeza."

"Wangu ana akili," nikamwambia. Maskini mwanangu, hajazaliwa na tayari namsifia.

Maboksi ya malori yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la lori lenye pua ndefu, mabomba mawili ya moshi yamesimama pembeni yaking'aa kama vijiko vipya. La pili lilikuwa la kichwa bapa chenye paa refu, la kisasa. La tatu lilikuwa na pembe iliyobonyea na picha iliyopauka kwa kukaa karibu na dirisha: kichwa bapa, paa fupi, bampa pana la chuma, lori la mtu wa kazi. Nililishika lile la kwanza muda mrefu, naliona jinsi litakavyopendeza juu ya kabati. Halafu nikakumbuka kwamba baba yangu hajawahi kuendesha lori la pua ndefu hata siku moja. Kumbe hata pale dukani nilikuwa namtafutia baba mwingine, anayeng'aa kumzidi wangu. Nikalirudisha, nikachukua lile lililobonyea.

Baba alikuwa anastaafu baada ya wiki kumi. Alikuwa ameendesha malori ya kampuni moja kwa miaka thelathini na minne, na kichwa kile kimoja kwa miaka kumi na sita. Nasema kichwa kwa sababu madereva huhesabu hivyo: trela hubadilishwa kila safari, leo la saruji, kesho la mbolea, lakini kichwa ni chako, una kitanda chako mle ndani na ndala zako. Nilitaka kumtengenezea kichwa chake, kidogo mara ishirini na nne, chote kienee kwenye mikono miwili. Na nilitaka, nikimkabidhi, nimwombe msamaha. Zawadi ilikuwa kisingizio tu. Msamaha ndio uliokuwa umenikaa kooni kwa miaka ishirini na minane.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikisoma shule ya bweni. Siku ya kutembelewa, wazazi wa wenzangu walikuja wamevaa wakavalika. Baba alikuja moja kwa moja kutoka safari ya siku nne. Aliegesha nje ya geti, akaingia na shati lenye mafuta ya gari, vumbi mpaka kwenye kope, mkononi mfuko wenye biskuti, sabuni na dawa ya meno. Alikuwa amekimbizana na saa ili asichelewe. Msichana niliyekaa naye dawati moja akaniuliza, "Yule anayekuja kwako ni nani?" Nikasema, "Dereva wetu."

Nilidhani yuko mbali. Hakuwa mbali. Hakukunja uso, hakupunguza mwendo. Alifika, akanipa ule mfuko kwa mikono miwili, akasema, "Baba yako anakusalimu. Amesema usome kwa bidii." Kisha akageuka akaenda zake. Yaani aliona nimezama, akajitosa akaniokoa mbele ya rafiki yangu, na mimi nikala biskuti.

Hatukuwahi kulizungumza. Nilisoma kwa bidii kama nilivyoagizwa, nikawa fundi wa meno bandia. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo nyuma ya kliniki ya daktari wa meno: meza moja, drili, nta, plasta, na trei za vinywa vya watu nisiowajua. Kazi yenyewe ni kudanganya macho. Asiyeijua hutengeneza meno meupe pe kama sahani za harusi, na mtu akicheka tu mtaa mzima unajua ni ya kununua. Fundi huyatia umanjano kidogo shingoni, karibu na ufizi, ufa mwembamba hapa, doa la chai pale. Kasoro ndiyo inayofanya jino liaminike. Hilo nimeliamini miaka kumi na minne, na ndilo lililoniponza.

Vigari nilivianza baadaye, kwa siri, Jumamosi mchana na saa za chakula. Mikono yangu ilikuwa tayari inajua. Kwa lori la Baba sikutaka kubahatisha, nilihitaji picha. Yadi ya kampuni yao iko mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu, ningeweza kwenda kwa miguu. Sikwenda. Nilijiambia naitunza siri ya zawadi, lakini ukweli ni kwamba sikuwahi kukanyaga pale maisha yangu yote, na sikuwa na hamu ya kuanza. Nikatafuta namba ya makanika wao, nikamwomba anipigie picha za lori. Akanitumia picha thelathini na mbili alizozipiga saa ileile lori lilipoingia kutoka safari ya mvua. Sikujua hilo. Nilichoona ni lori limetapakaa matope mpaka madirishani, nikasema moyoni, hili ndilo la Baba, naam, ndivyo lilivyo.

Nikaanza kazi. Usukani wa kwenye boksi ulikuwa kushoto na wa Baba uko kulia, kwa hiyo nilikata dashibodi kwa drili ya kukatia meno, nikaigeuza. Taa za nyuma nilizimimina kwa ile plastiki ya waridi ya kutengenezea ufizi, nikaizidishia wekundu. Vile vizuia tope vya nyuma ya magurudumu nilivikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Kwenye picha moja niliona pazia la kitanda cha dereva, la maua ya kahawia, nikalitambua: lilikuwa pazia la sebuleni kwetu nilipokuwa mdogo, Mama alilikata akalishona upya. Nilimwomba Mama kipande kilichobaki. Akaniuliza cha nini, nikamwambia cha kufutia meza. Rangi ya bluu niliichanganya mara saba, nikiilinganisha na picha mchana karibu na dirisha kama ninavyolinganisha jino. Ilipokubali, lile lori lilikuwa zuri kiasi kwamba nililipangusa kwa pumzi na kulitazama tu.

Hapo ndipo ningesimama. Lakini fundi asiyejua kusimama ni balaa. Niliona lori jipya, jeupe na bluu, linang'aa kama meno ya sahani, nikasema hapana, hili halidanganyi mtu. Nikasaga plasta nikaichanganya na unga wa rangi ya udongo. Nikachekecha vumbi la kweli kwa soksi ndefu ya nailoni. Nikapaka matope kwenye matairi, kwenye ngazi, chini ya milango. Nikagonga kutu kwa sponji, nikapuliza masizi kwenye bomba la moshi, nikatia mpaka wadudu waliojigonga kwenye kioo. Nikafungia yote kwa vanishi isiyong'aa, tabaka tatu. Kuna kundi la watu wa vigari kwenye simu, niko humo kwa jina la uongo. Niliwatumia picha, na mmoja akaandika, "Nasikia harufu ya dizeli." Nilijisikia raha siku mbili nzima.

Siku ya kumuaga Baba walipanga viti vya plastiki kwenye banda la matairi. Mama na mimi tuliketi mbele, boksi likiwa mapajani mwangu. Meneja akashika maikrofoni, akaipuliza, akasema, "Ndugu zangu, leo tunamuaga Mzee Sabuni!" Banda zima likalipuka, watu wakapiga makofi, wengine wakagonga madebe.

Nikamwinamia Mama. "Sabuni ndiyo nini?"

Mama alinitazama kama aliyeulizwa jina la mumewe. "Wewe hulijui jina la baba yako?"

Meneja akawa ananijibu bila kujua. Alisema kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuliona lori la Mzee Sabuni likiwa chafu kwa zaidi ya nusu saa. Kwamba huliosha kila asubuhi kabla hajanywa chai, na akifika kutoka safari haendi kusaini karatasi mpaka alipanguse. Kwamba madereva wengine hukataa kuegesha karibu naye, malori yao yasije yakaonekana mapipa ya taka. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanapigana mabega. Nikageuza shingo, nikaliona lori lenyewe limeegeshwa kando ya banda. Lilikuwa safi kiasi kwamba viti vyetu vilionekana kwenye mlango wake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasukuma boksi chini ya kiti kwa kisigino. Mama akalivuta akanirudishia, na meneja, ambaye bahati mbaya alikuwa anatutazama, akatangaza kwamba binti wa Mzee, mtaalamu, ametengeneza zawadi kwa mikono yake mwenyewe. Makofi tena. Nikasimama, nikampelekea. Baba alifungua boksi polepole, bila kuchana karatasi. Akaliinua. Makofi yakafa moja moja kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyozidi kuliona.

"Mzee Sabuni, wamekuchafulia!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikalipuka.

Baba naye alicheka, kiganja kimeziba mdomo kama anavyocheka siku hizi. "Limetoka safari hili," akasema kwenye maikrofoni. "Nitaliogesha." Kisha akanishukuru mbele za watu, akasema mikono yangu ina akili kuliko kichwa chake. Yale maneno ya msamaha niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi wiki kumi hayakutoka hata nusu. Nilikaa chini, uso umeniiva, nikanywa soda ya mtu mwingine.

Jumapili nilikwenda kwao. Nilimkuta Baba uani, ameinama kwenye beseni, mswaki wa zamani mkononi, povu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anasugua ngazi ya lori langu.

"Haitoki, mama," akaniambia. Huwa ananiita mama tangu nizaliwe. Hakuwa analalamika, alikuwa ananipa taarifa. "Umelipaka kwa nguvu."

"Ni vanishi, Baba. Haitoki kwa sabuni."

"Nimejaribu na ya unga."

"Hata ya unga."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kiunoni. "Mwambie," akamwambia Baba. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

"Acha hayo, mke wangu."

"Siachi. Wewe binti, tangu siku ile ya shuleni kwenu baba yako hajashuka kwenye lori akiwa mchafu mbele ya mtu yeyote. Akikaribia mjini anasimama pembeni, anaoga kwa maji ya dumu, ndipo anaingia, na akifika tu anaosha lori. Watu wanadhani ni usafi. Usafi gani! Nilimwoa akiwa na tabia ya kutupa soksi kitandani. Ni wewe."

"Anaolewa mwanamke," Baba akasema kwa upole, akiendelea kusugua. "Hukunioa."

"Nilikuoa!"

Kwa hiyo Mama alikuwa anajua, siku zote. Na mimi, niliyempaka matope nikiwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa nimekaa wiki kumi kumpaka tena, safari hii kwa brashi nyembamba, kwa vanishi tabaka tatu, mbele ya watu aliowaficha vumbi lake karibu miaka thelathini. Nilifungua mdomo niseme. Unajua nilisema nini? Nilisema nitalichukua nilitoe rangi yote, nilipake upya, litang'aa. Mtu anatakiwa kuomba msamaha, anaahidi rangi! Baba akasema itakuwa vizuri, asante, akacheka, na kiganja kikapanda mdomoni.

Na hapa kuna jambo nimekuwa nalizunguka tangu nianze. Baba hana meno manne ya mbele. Yaling'olewa miaka kumi na moja iliyopita. Mimi nimekuwa fundi wa meno kwa miaka kumi na minne, nimewatengenezea walimu, mahakimu, mwizi mmoja aliyejulikana mtaa mzima, na baba yangu anaziba mdomo akicheka. Sababu ni fupi. Wiki ya kwanza kazini daktari aliniuliza mzee wangu anafanya nini, nikasema yuko kwenye usafirishaji. Akauliza, "Ana malori?" Nikasema anayo. Neno moja. Baba akija kwenye kiti cha daktari, neno lile lingeanguka. Kwa hiyo aliponiuliza kuhusu meno nilimwambia asubiri nipate nafasi. Aliniuliza tena mwaka uliofuata, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuniuliza.

"Baba," nikasema pale uani, "kesho njoo kazini kwangu."

Akakung'uta povu mikononi. "Nikuletee nini?"

Alidhani nimesahau kitu. Hakuona sababu nyingine ya mimi kumwita. "Usilete kitu," nikamwambia. "Njoo tupime meno."

Alifika saa moja kabla ya wakati. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vinanukia kiwi, na alikuwa amekaa kwenye ukingo wa benchi kama asiyetaka kulichakaza. Daktari alipomwona nami, uso ukamfunguka. "Ndiye mzee mwenyewe? Mzee wa malori! Karibu, karibu sana, tumekusikia miaka yote."

Baba alinitazama mara moja tu. Nilimwona anaelewa. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kubadilisha gia.

"Tunashukuru, daktari," akasema. "Malori yapo."

Nami nikanyamaza. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilikuwa nimejikaza kisabuni tangu asubuhi, nimekula kiapo mbele ya kioo, na ilipofika saa yenyewe nikanyamaza, nikamfunga Baba kitambaa shingoni.

Daktari alimlaza, akawasha taa, akabonyeza ufizi kwa kidole. Akaguna. "Pengo la zamani hili. Mfupa umesinyaa, meno hayatashika kama yangewekwa mapema. Mzee, binti yako yupo hapahapa, mbona umechelewa hivi?"

"Safari, daktari," Baba akasema chini ya ile taa. "Mimi mtu wa safari. Yeye alinisumbua sana nije."

Daktari alikoroga ule unga wa kupimia mpaka ukawa mzito kama uji, akaujaza kwenye trei, akaikandamiza kwenye taya la juu la Baba. Huchukua dakika tatu kuganda. "Shikilia hapo," akaniambia, akaenda mezani kuandika. Nikawa nimesimama juu ya baba yangu, vidole vyangu viwili mdomoni mwake, na hakuweza kusema neno. Ndipo nilipoona kwamba hakuna mtu wa kunisitiri.

"Daktari," nikasema, "Baba hana malori. Ni dereva. Ameendesha lori la watu miaka thelathini na minne. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Kalamu ilisimama.

"Na hakuchelewa. Aliniomba mara mbili. Mimi ndiye sikumleta, nilikuwa namwonea aibu."

Baba alianza kuguna, "Mm-mm, mm-mm," akitikisa kichwa, mkono umeinuka kuniashiria ninyamaze. Nikamshika kidevu. "Tulia, Baba, utaharibu kipimo. Leo husemi wewe. Siku ile shuleni niliwaambia wewe ni dereva wetu, na ulisikia. Naomba unisamehe. Na ya meno unisamehe. Na ya sasa hivi, hapa, nilivyokuacha useme malori yapo."

Alikuwa amelala chali, kwa hiyo machozi yalimshuka kuelekea masikioni. Mikono yangu yote ilikuwa na kazi, sikuweza kumfuta. Daktari aliangalia karatasi yake, akaangalia saa ya ukutani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba bado dakika moja. Hakuonekana kujali hata kidogo kama mzee ana malori au hana. Miaka kumi na minne nilikuwa nimelinda neno ambalo hakuna aliyekuwa analitaka.

Trei ilipotoka Baba alisukutua, akatema, akajifuta. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ulikuwa mtoto, mama."

"Nina miaka arobaini na moja, Baba."

Alifikiri. Nilimwona anatafuta, kama anavyotafuta siku zote, kitu cha kunifunikia. Safari hii hakukipata. Alikunja kile kitambaa mara nne, vizuri, akakiweka juu ya goti.

"Nimesikia," akasema.

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Nilichukua kipimo cha taya lake, kikiwa bado na joto la mdomo, nikakipeleka mezani kwangu nikaanza kazi.